Usilale hema moja na mtu usiyejua dawa anazomeza

SEHEMU YA 1

Leo naleta mada ndefu, na kama kawaida yetu naigawa vipande vipande ili usichoke. Naomba usome mpaka sehemu ya mwisho ndipo uniandikie, maana najua wengine mkiona neno "hema" tu mtaanza kucheka.

Msimamo wangu nausema mapema. Wanandoa na wachumba waende kutembea. Waende hata kama mvua inanyesha, walale hata kwenye hema. Ninachokipinga ni ile tabia tuliyolelewa nayo, kwamba mpenzi mwema ni yule anayevumilia kimya kimya. Nyumbani, kuvumilia kimya kunaweza kukuchosha tu. Mlimani, usiku, mvua inanyesha na gari hakuna, kuvumilia kimya kunaweza kukuua.

Kuna wanandoa wa Dar walinipa ruhusa niwasimulie bila kuwataja majina. Wana miaka kumi na miwili ya ndoa, watoto wamewaachia bibi yao, wamechukua siku tano za likizo mwezi wa kumi na moja. Mpango wao ulikuwa siku tatu Lushoto, walale kwenye hema na kutembea milimani, halafu washuke Tanga mjini waangalie mji. Mama ndiye aliyeniandikia kabla ya safari: "Nesi, vuli imeanza, tuahirishe?" Nikamjibu wasiahirishe. Nikamtajia vitu vya kubeba, nitavitaja na hapa.

Wengine mtasema haya mambo ya kulala porini ni ya Wazungu, mtu ana nyumba yake ya bati na godoro lake, akalale chini? Sikubaliani. Babu zetu wachungaji, wavuvi na wawindaji walilala nje miaka yote, na hakuna aliyewaambia wanaiga mtu. Halafu hema lina faida ambayo hoteli haina. Ndani ya hema hakuna televisheni, hakuna sebule ya kukimbilia mkinuniana, na chaji ya simu inaisha saa mbili usiku. Mnabaki wawili na sauti ya mvua. Kuna watu wameoana miaka ishirini hawajawahi kukaa hivyo hata usiku mmoja.

Ila hapo hapo ndipo penye kazi. Ukikaa karibu na mtu kiasi hicho, kila unachomficha kinakuwa kizito zaidi. Na miongoni mwa vitu tunavyofichana sana katika ndoa zetu, nawaambia mimi ninayekaa dirishani pa kutolea dawa, ugonjwa unaongoza.

SEHEMU YA 2

Twende nao sasa. Basi la Dar linapita Chalinze, Segera, Korogwe, linafika Mombo, hapo linakunja kupanda mlima. Kama hujawahi kuipita barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na Soni utaona maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Wakati wa mvua kubwa udongo na mawe huweza kushuka barabarani. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: panda mchana, usipande usiku. Kama ni gari lako na ukakuta maji yanakatiza barabara kwa kasi, simama. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kuanza kuielea gari ndogo.

Lushoto mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, na walipapenda kwa sababu ya baridi yake. Kanuni ni rahisi: ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ukiondoka pwani kwenye nyuzi 29, Lushoto inaweza kukupokea na nyuzi 20 mchana, na usiku ikashuka zaidi. Ukipanda msitu wa Magamba unaozidi mita 2,000, inashuka tena. Mtu wa Dar anayesikia "Tanzania" anafunga fulana mbili na kaptula. Amekosea mkoa huyo.

Siku ya kwanza walisimamisha hema mvua ikiwa ya rasharasha. Siku ya pili asubuhi wakatembea kwenda Irente, kwenye lile jabali la kutazama bonde. Wakakuta ukungu mtupu! Wamesimama ukingoni hawaoni hata mita kumi. Wakakaa kwenye jiwe, wakala mkate na jibini ya pale Irente, na baada ya saa moja hivi pazia likafunguka. Chini, karibu mita elfu moja, tambarare ya Mazinde na nyika ya Wamasai mpaka upeo wa macho. Mama ananiambia hawakuzungumza, walishikana mikono tu. Sasa wewe uliyeahirisha kwa sababu ya mvua, hiyo ungeipata wapi?

Kabla hatujaendelea, niondoe mambo mawili tunayoyasingizia mvua.

Moja, mvua haileti malaria. Malaria huletwa na mbu jike aina ya anofelesi aliyebeba vimelea, na mvua inamsaidia tu kupata madimbwi ya kuzalia. Tena tangu mbu akuume mpaka uanze kuumwa hupita kama siku 7 au zaidi, mara nyingi 10 mpaka 15. Kwa hiyo ukipata homa siku ya pili ya safari, hiyo umetoka nayo nyumbani au ni ugonjwa mwingine. Pima. Usinunue dawa ya mseto dukani kwa kubahatisha. Na ukipata homa wiki mbili baada ya kurudi, mwambie anayekuhudumia kwamba ulisafiri na ulilala wapi.

Mbili, kunyeshewa peke yake hakuleti nimonia. Nimonia husababishwa na vijidudu. Lakini msishangilie haraka, maana kulowa kuna hatari yake nyingine, na wengi hatuijui kwa sababu tumezoea kudhani nchi yetu ni ya joto.

SEHEMU YA 3

Siku ya tatu walikwenda Magamba. Ni msitu wa hifadhi, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, mbega wanaruka juu, na ukibahatika unamwona kinyonga wa Usambara mwenye pembe mbili. Milima hii ya Usambara ndiyo asili ya lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani mwao, Saintpaulia. Walikuwa na kijana Msambaa anawaongoza, anaijua njia kama ua wa nyumba yao.

Saa sita mvua ikashuka kweli kweli. Mama alikuwa na koti la mvua. Baba alikuwa na mwavuli, ambao upepo uliugeuza dakika ya kumi. Amevaa jinzi na fulana ya pamba, na sweta moja. Mama akasema, "Nasikia baridi." Baba akavua sweta lake akampa. Mapenzi hayo! Mama akalivaa ndani ya koti. Baba akaendelea na fulana iliyolowa, kifua mbele, anapiga miluzi.

Baada ya saa moja miluzi ikakata. Akaanza kujikwaa. Kamba ya kiatu ikafunguka, akainama kuifunga, akashindwa, akacheka, akaiacha. Mama akaona mumewe amechoka tu. Aliyeshtuka ni yule kijana. Alimuuliza, "Kaka, tuko siku gani leo?" Baba akajibu kwa ulimi mzito, akakosea. Kijana hakubishana naye. Aliwapeleka kwenye kibanda cha jirani na njia, akamwambia mama, "Dada, mvue hizo nguo zote."

Hiyo inaitwa haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35, wakati kawaida ni 37. Huhitaji theluji kuipata. Unahitaji vitu vitatu tu: kulowa, upepo na kuchoka. Maji huuondolea mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa ni kama umejifunga taulo la maji baridi.

Dalili zikariri hivi: anatetemeka, anajikwaa, vidole havishiki, maneno hayatoki sawa, anakuwa mkimya au mkali bila sababu. Na hii hapa iandike pembeni: akiacha kutetemeka huku bado amelowa na amechanganyikiwa, hajapona, hali imekuwa mbaya zaidi.

Cha kufanya:
– Mtoe kwenye mvua na upepo. Mvue vyote vilivyolowa, mkaushe, mvishe vikavu, mfunike na kichwa pia.
– Weka kitu kati yake na ardhi. Ardhi inanyonya joto kuliko unavyodhani.
– Mkumbatie, ngozi kwa ngozi ndani ya blanketi. Ndiyo, nesi wenu amesema.
– Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari ya kutosha.
– Usimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, anahisi joto huku anapoteza joto.
– Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimkalishe karibu na moto mkali.
– Akishindwa kujibu, akisinzia sana au kuacha kutetemeka, huyo ni wa hospitali, bebeni kwa utaratibu.

Baba alipata nafuu baada ya saa moja na nusu. Lakini angalia kilichotokea. Ubongo uliopoa ndio huo huo unaotakiwa kutambua kwamba umepoa. Mgonjwa wa baridi ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Ndiyo maana nasema kila mmoja ni nesi wa mwenzake, na nesi hawezi kumhudumia mgonjwa anayempigia miluzi ya kumdanganya. Na wewe mama, mumeo akikupa sweta lake, usiishie kushukuru. Muulize: "Na wewe utavaa nini?"

SEHEMU YA 4

Usiku ule ndio ungekuwa wa mwisho. Nasema kwa uzito.

Wamerudi kambini, mvua bado inapiga turubai, baba bado anahisi ubaridi. Jirani wa kambi alikuwa na jiko la mkaa alilopikia ugali, makaa yamebaki mekundu mazuri, hayatoi hata moshi. Baba akaliomba. "Tuliingize ndani tupashe hema kidogo, halafu tutalitoa." Mama akakubali. Wameshalifikisha mlangoni pa hema, mlinzi wa kambi akawapigia kelele mpaka wakaona aibu, wakalirudisha.

Yule mlinzi simjui, ila Mungu ambariki.

Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makaa mekundu yasiyo na moshi watu huyaona salama, kumbe moshi sio unaotuonya habari za gesi hii. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Unasema "nimechoka na safari", unalala, basi.

Sasa sikiliza kwa nini nalitenga jambo hili. Nimesema kila mmoja amlinde mwenzake. Kwenye baridi inafanya kazi, kwa sababu mara nyingi mmoja huzidiwa kabla ya mwingine. Kwenye jiko la mkaa haifanyi kazi. Mnalewa wote wawili kwa pamoja, kwa hewa ile ile, mmekumbatiana. Hakuna wa kumwamsha mwenzake. Kwa hiyo hapa hakuna "kidogo tu", hakuna "tutaacha zipu wazi", hakuna "tutalitoa tukipata usingizi". Jiko la mkaa, jiko la gesi la kupikia, jenereta, havilali na watu. Si kwenye hema, si kwenye chumba cha kupanga, si kwenye gari.

Mkitaka joto usiku wa mvua, joto lenu litoke kwenye nguo kavu. Kabla ya kupanda mlima, chagua pea moja ya nguo za kulalia, soksi na kofia, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, na hizo usizivae mchana hata iweje. Chini ya godoro la sponji tandika turubai na magazeti au maboksi. Jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, izungushie khanga, iweke miguuni. Kuleni kabla ya kulala, mwili unahitaji kuni zake. Mitumbani kuna masweta ya manyoya yanayokauka haraka, na hata jezi ya mpira ni afadhali kuliko fulana ya pamba ukiwa unatembea kwenye mvua.

Na radi zikianza, hema halikukingi, wala mti uliosimama peke yake. Ingieni kwenye nyumba ya kueleweka au ndani ya gari lenye bati juu. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chache, iko karibu yenu.

SEHEMU YA 5

Siku ya nne wakashuka Tanga. Wamefurahi, wanacheka habari za mlima, wameingia nyumba ya wageni yenye feni na choo cha ndani. Ukitoka ubaridi wa Usambara ukaingia Tanga mwezi wa kumi na moja, mwili unashangaa. Joto limezidi nyuzi 30, na mvua ikikatika unyevunyevu unakubandika shati mgongoni.

Tanga ni mji wa kutembea taratibu. Baba ni mpenzi wa historia, akaanzia kwenye jengo la Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Hapo utasoma habari za reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na za mkonge ulioletwa miaka hiyo hiyo ukaja kuwa uhai wa mkoa mzima. Utasoma pia vita vya Novemba 1914, Waingereza waliposhusha jeshi kubwa kutoka India wakidhani wanaingia matembezini, wakapigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakachokozeka wakashambulia watu. Kisha wakazunguka mitaa yenye baiskeli nyingi kuliko mji wowote waliowahi kuuona, mnara wa saa, bandari. Mchana wakapanda bajaji kwenda mapango ya Amboni, yale mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka.

Ndani ya pango mama akashika ukuta. Kichwa kinapasuka, macho yanaona vimulimuli. Akasema ni joto. Akasema ni popo, harufu yao. Baba, ambaye jana yake nusura apoteze fahamu kwa kujifanya mwanaume, safari hii hakukubali. Akampeleka kituo cha afya. Presha: 178 kwa 104.

Mhudumu akauliza, "Mama, una dawa za presha?" Mama akamtazama mumewe. Halafu akasema, "Ninazo. Sijameza siku tatu."

Mume hakujua kwamba mkewe ana presha. Miaka miwili!

Sasa fuata mnyororo huu polepole, maana ndio somo lenyewe. Mama aliogopa kuonekana mgonjwa kwenye ukoo wa mumewe, akaficha dawa. Ili kuificha, akawa anaimeza usiku mume akiwa anaoga. Dawa yenyewe ni ile mnayoiita ya kukojoza, inayopunguza maji na chumvi mwilini, ambayo kawaida huelekezwa imezwe asubuhi. Ukiimeza usiku, utaamka kwenda haja mara tatu nne. Nyumbani choo kipo hatua tano. Kambini choo kiko mita 60, gizani, tope, mvua inanyesha, na mume amelala mlangoni pa hema. Mama akaamua: bora nisimeze. Na maji nayo nisinywe sana. Siku tatu. Halafu akashuka kwenye joto la Tanga.

Hakuna mtu mbaya kwenye hadithi hii. Yule wa mlimani alivumilia baridi ili mkewe afurahie. Huyu wa hemani aliacha dawa ili asimsumbue mumewe usiku. Wote wawili kwa mapenzi. Wangependana kwa kelele kidogo tu, kusingekuwa na la kusimulia.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumechagua kukumbuka mvumilivu hula mbivu peke yake.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Najua hoja mtakazoniletea, ngoja nizijibu.

"Nesi, mambo ya afya ni siri ya mtu." Ni kweli, na mimi siri hizo nazitunza kwa kiapo. Sisemi mumeo au mkeo ana haki ya kusoma faili lako. Nasema anayelala na wewe mahali ambapo hakuna mwingine wa kukusaidia anahitaji kujua mambo machache ya kukuokoa. Na kama kumwambia mwenzako kunaweza kukuletea kipigo au kufukuzwa, usimwambie kwa sababu umesoma ukurasa wangu. Nenda kwa mtoa huduma wako kwanza, tunazo njia za kukusaidia kusema taratibu, pamoja, mahali salama. Hii inawahusu zaidi wanaotumia dawa za kufubaza virusi, ambao nawaomba jambo moja: safari isikatishe dozi, beba za siku zote na za ziada.

"Nesi, si bora hoteli tu?" Kwa baadhi, ndiyo. Mwenye siko seli ajue kwamba baridi na kukosa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye pumu ajue hewa ya baridi na moshi wa kambi vinaweza kumbana. Mjamzito aliye karibu kujifungua asilale mahali ambapo gari halifiki. Hao wakichagua chumba chenye kitanda wala si woga, ni akili. Tena hema lililo karibu na mji linatosha, si lazima mlale kileleni.

"Nesi, tukianza kuongea magonjwa si tutaharibu hamu ya safari?" Mazungumzo yenyewe ni ya dakika kumi. Kaeni kitandani siku moja kabla, mabegi yakiwa wazi, kila mmoja ajibu haya:

1. Nina ugonjwa gani unaojulikana, na dawa zangu ni zipi, nameza saa ngapi? Nizione, ziko mfuko gani?
2. Kuna dawa au chakula kinachonidhuru?
3. Nikizidiwa huwa ninaanzaje? Wewe unanijua kuliko mimi, niambie.
4. Mmoja akisema "turudi", tunarudi bila kuulizana kwa nini. Tunakubaliana?
5. Kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na tutafikaje huko mvua ikinyesha?

La nne ndilo gumu. Wanaume, nyie hasa. "Turudi" likitoka mdomoni mwa mkeo msilipokee kama kushindwa. Na nyie wanawake, msingoje mpaka aseme yeye. Wekeni neno hilo mapema, likiwa na heshima yake, ili asiwepo wa kuona aibu kulitamka.

Kuhusu dawa: ukitaka kubadilisha saa za kumeza kwa ajili ya safari, muulize aliyekuandikia, usijipangie. Ukisahau siku moja usimeze mbili kufidia. Na presha ikipanda mpaka 180 kwa 120 au zaidi, ukawa na maumivu ya kifua, pumzi inakata, macho yanaona ukungu, mdomo unapinda au upande mmoja wa mwili hauna nguvu, usisubiri asubuhi. Usiku huo huo hospitali.

Kwa mliofika mjini baada ya mlima: maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, hasa mitaro ikiwa imefurika. Mbu wa dengue anauma mchana, si usiku. Mwaka 2019 alitusumbua sana nchini, Dar ikiongoza. Homa kali yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, meza paracetamol tu na ukapime. Usikimbilie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, zinaweza kukuongezea hatari ya kutoka damu.

Wale wanandoa wamesharudi Dar. Dawa ya mama sasa inakaa juu ya meza ya kulia chakula, karibu na chupa ya chai, na inamezwa asubuhi kama ilivyoelekezwa. Baba amenunua koti la mvua. Wananiambia mwezi wa nne wanataka kwenda tena, safari hii Amani, upande wa pili wa milima ile ile. Mwezi wa nne ni masika. Nimewaambia waende.

Na wewe unayesoma hapa: mwenzako yuko chumba cha pili au yuko pembeni yako sasa hivi. Usiku huu, safari iwepo isiwepo, muulize swali la kwanza tu. Halafu njoo uniambie hapo chini kama ulikuwa unajua jibu.

Wiki ijayo, kama mlivyoomba, tutaongea habari za wazee wetu na dawa za maumivu za dukani. Nesi wenu nipo.